Mbio ndefu baada ya miaka 30: mama aanzie wapi?

Kila mwaka inapokaribia mwisho wa Februari, maswali huanza kliniki. Kilimanjaro Marathon, inayofanyika Moshi tangu mwaka 2003, iko karibu, na mama aliyeleta mtoto kupima uzito hubaki nyuma wenzake wakiondoka. "Nesi, nina miaka 34 na watoto watatu. Nami naweza kukimbia?"

Wengi wanaweza. Hata hivyo, mwili uliobeba mimba, ukajifungua na kunyonyesha unahitaji kujengwa upya kabla ya kupewa kilomita nyingi. Makala hii inaeleza ujenzi huo, kuanzia siku ya kwanza hadi siku ya mbio.

Kwa kifupi

- Kuwa na miaka 30 na kitu hakumzuii mwanamke mwenye afya kukimbia mbio ndefu.
- Baada ya kujifungua, subiri angalau wiki 12 kabla ya kuanza kukimbia. Kutembea kunaweza kuanza mapema zaidi.
- Mkojo kuvuja unapokimbia, kukohoa au kucheka ni tatizo linalotibika. Usilifiche.
- Pima wingi wa damu na presha kabla ya kuanza.
- Ongeza umbali kidogo kidogo. Wanaoumia wengi ni wale walioharakisha.

Umri una shida gani?

Tuangalie jirani zetu wa Kenya. Mary Keitany, mama wa watoto wawili, alishinda marathoni ya New York mara nne kati ya 2014 na 2018, zote akiwa na miaka 30 na kitu. Edna Kiplagat, naye ni mama, alishinda Boston mwaka 2017 akiwa na miaka 37. Hellen Obiri alijifungua mwaka 2015, akashinda Boston mwaka 2023 na tena 2024.

Hao ni wanariadha wenye makocha na wataalamu wa viungo, kwa hiyo tusijipime kwa kasi yao. Wanachotuonyesha ni kwamba pumzi na uvumilivu haviishi mtu akifika miaka 30. Kinachobadilika ni kwamba misuli huanza kupungua polepole isipotumika, na maumivu huchukua muda mrefu zaidi kupoa. Ndiyo maana siku za kupumzika ni sehemu ya mazoezi.

Mama wa Masama ana jambo jingine la kuhesabu. Kukata majani ya ng'ombe, kuyabeba kichwani kupanda mteremko na kuchota maji ni kazi nzito inayojenga nguvu. Lakini haiandai mwili kwa mshtuko wa kukimbia, ambapo kila mguu unapotua hupokea uzito wa mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Tena kazi hiyo huchosha. Siku uliyobeba mizigo mitatu ya majani si siku ya kukimbia mbali.

Subiri kwanza, kisha pima

Bibi zetu wa Kichaga walimweka mzazi ndani karibu miezi mitatu. Alipikiwa mtori, akapewa maziwa, na hakupewa kazi nzito. Ushauri wa kitaalamu wa siku hizi kuhusu kukimbia baada ya kujifungua unakaribiana sana na desturi hiyo: angalau wiki 12, na zaidi kama ulifanyiwa upasuaji, ulichanika sana au ulipoteza damu nyingi.

Kusubiri kukimbia si kulala kitandani wiki zote 12. Ukijisikia vizuri, tembea polepole kuzunguka kihamba, halafu ongeza dakika. Hudhuria kliniki ya mama baada ya kujifungua hadi siku ya 42, hata kama huna malalamiko yoyote.

Kabla ya kuanza kukimbia, omba kupimwa vitu hivi:

- Wingi wa damu. Ukikimbia na upungufu wa damu, utahema sana, moyo utaenda mbio na unaweza kuzimia.
- Presha. Hupanda bila dalili. Kama ilipanda wakati wa mimba, usikose kipimo hiki.
- Sukari, hasa kama ulikuwa na kisukari cha mimba au kuna ndugu mwenye kisukari.
- Mimba, kama hedhi imechelewa.

Mweleze mhudumu kama una pumu, ugonjwa wa moyo, au kama kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana.

Misuli isiyotajwa

Chini ya tumbo, kati ya mfupa wa mbele wa nyonga na mfupa wa mkia, kuna misuli iliyotandazwa kama kitambaa cha machela. Ndiyo inayoshikilia kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Mimba huielemea na kujifungua huivuta. Ikiwa bado dhaifu, kila hatua ya mbio huisukuma chini.

Nitasema la kwangu. Baada ya mtoto wangu wa pili nilianza kukimbia mapema, kuteremka barabara ya Kwa Sadala. Siku ya tatu mkojo ulivuja hadi suruali ikalowa. Nilijifunga sweta kiunoni nikarudi nyumbani kwa kupitia migombani ili nisikutane na mtu. Mimi ni nesi, na nilikaa miezi saba bila kumwambia yeyote. Niliposema, nilifundishwa mazoezi haya haya ninayoyaandika hapa, na baada ya miezi michache nilikuwa mkavu. Miezi saba ile niliipoteza kwa aibu tu.

Zoezi lenyewe ni hili:

1. Kaa au lala, legeza tumbo na mapaja.
2. Kaza kama mtu anayezuia mkojo na hewa kwa pamoja, ukivuta kwenda juu. Usibane pumzi.
3. Shikilia huku ukihesabu hadi 5, kisha legeza kabisa ukihesabu hadi 5. Ukipata nguvu, fikisha 10.
4. Rudia mara 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, kwa mfano kila unaponyonyesha.

Usifanye zoezi hili ukiwa unakojoa. Subira inahitajika, kwa kuwa nafuu huja baada ya wiki kadhaa. Kama miezi mitatu imepita bila mabadiliko, au unahisi uzito au kitu kinashuka ukeni, nenda kituo cha afya. Hospitali kubwa kama KCMC zina wataalamu wa mazoezi tiba na wa magonjwa ya wanawake.

Je, niko tayari? Jipime nyumbani. Tembea dakika 30. Simama kwa mguu mmoja sekunde 10, kila upande. Kimbia palepale dakika moja. Rukaruka kwa mguu mmoja mara 10, kila upande. Ukimaliza bila maumivu, bila kuvuja na bila uzito ukeni, unaweza kuanza. Ukishindwa moja, endelea kutembea na kukaza misuli, kisha jipime tena baada ya wiki mbili.

Chakula, damu na maji

Anayenyonyesha na kukimbia anakula kwa ajili ya kazi mbili. Ongeza mlo mmoja kwa siku. Mtori ni mzuri, lakini ndizi peke yake haiongezi damu. Weka nyama, maini, dagaa, maharage au mnafu, na kula pamoja na chungwa, embe au limau ili mwili ufyonze madini ya chuma. Chai na kahawa huyazuia, kwa hiyo ziache zikae mbali na mlo, angalau saa moja. Ukipewa vidonge vya kuongeza damu, vimalize.

Hedhi ikikatika wakati hunyonyeshi, huna mimba na hutumii njia ya uzazi wa mpango inayoisimamisha, huenda chakula hakitoshi kwa kazi unayofanya. Mifupa hudhoofika katika hali hiyo na inaweza kupata nyufa. Punguza mbio, ongeza chakula, na umwone mhudumu.

Kunywa maji ukisikia kiu. Kwa mbio za zaidi ya saa moja, beba maji kidogo, ndizi mbivu au kitu chenye sukari na chumvi. Usijilazimishe kunywa lita nyingi, kwani maji kupita kiasi hupunguza chumvi kwenye damu na huweza kuua.

Mpango wa hatua kwa hatua

- Wiki 1 hadi 4: Tembea haraka dakika 30, siku tatu hadi tano kwa wiki.
- Wiki 5 hadi 12: Siku tatu kwa wiki. Kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 10. Kila wiki ongeza muda wa kukimbia kidogo na punguza wa kutembea, hadi ukimbie dakika 30 mfululizo.
- Miezi 4 hadi 6: Kilomita 5 kwa raha. Unayeanza Septemba unaweza kuwa tayari kwa zile kilomita 5 za Moshi mwishoni mwa Februari.
- Mwaka wa kwanza kuendelea: Kilomita 10, kisha 21. Kila wiki iwe na siku moja ya umbali mrefu na nyingine fupi.
- Kilomita 42: Zisubiri hadi umalize 21 bila kuumia na uwe na miezi mingi ya mazoezi yasiyokatika.

Kasi sahihi ni ile unayoweza kuongea nayo sentensi nzima. Ukishindwa kuongea, tembea. Huku kwetu barabara ni milima, kwa hiyo panda kwa hatua fupi, na miezi ya mwanzo teremka kwa kutembea, maana mteremko ndio unaoumiza magoti, mapaja na nyonga. Kama mtoto amekukesha usiku, punguza mazoezi nusu au uyaache. Kilimanjaro Marathon ina mpando mrefu wa kuelekea Mweka, na Moshi mjini kuna joto kuliko Masama. Fanya mazoezi kadhaa jua likiwa limetoka, usiizoee baridi ya alfajiri peke yake.

Vifaa ni vichache: raba zisizobana, hata za mtumba mradi soli haijaisha, na sidiria inayoshika vizuri. Kimbieni wawili au zaidi, palipo na mwanga.

Acha mara moja na nenda kituo cha afya ukiona

- maumivu ya kifua, kuzimia, au kuhema kusikoisha ukipumzika
- mguu mmoja kuvimba na kuuma, hasa wiki za mwanzo baada ya kujifungua
- damu nyingi ukeni, au damu iliyokwisha kukata kurudi tena
- kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu
- kidonda cha upasuaji kuuma, kufunguka au kutoa usaha
- maumivu ya mfupa sehemu moja yasiyoisha hata usiku

Maswali tunayoulizwa

*Maziwa yatachachuka?* Hapana. Mazoezi ya kawaida hayaharibu maziwa wala kuyapunguza, ukila na kunywa vya kutosha. Nyonyesha kabla ya kutoka ili matiti yasiwe mazito.

*Nilijifungua kwa upasuaji, misuli ya chini inanihusu?* Ndiyo. Ilibeba mimba miezi tisa kama ya mwingine yeyote.

*Kukimbia kutashusha kizazi?* Kwa mwanamke aliyejengeka vizuri, hakuna sababu ya kuogopa. Lakini kama tayari unahisi kitu kinashuka, pimwa kwanza.

Kwa baba, bibi na wengine walio nyumbani

Dakika 30 mara tatu kwa wiki hazipatikani bila mtu kumshika mtoto. Panga siku hizo naye. Beba mzigo wa majani siku anayokimbia. Akirudi ametembea badala ya kukimbia, usimcheke, kwa sababu anafuata mpango. Na akikuambia mkojo unavuja, msindikize kliniki.

Uanze leo na hili

Siku ya kliniki ya mtoto, mwambie nesi: "Nataka kuanza kukimbia, naomba nipimwe damu na presha." Majibu yakiwa mazuri, tembea dakika 30 siku inayofuata. Na kama kuna jambo la mwili wako ambalo umelificha, liseme siku hiyo hiyo, ukiwa tayari mbele yake.