Mivutano ya Kenya Airways na vyama vya wafanyakazi

Kenya Airways ilianzishwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa East African Airways, ikabinafsishwa mwaka 1996. Tangu hapo imekuwa ikivutana na vyama viwili: KALPA cha marubani, na KAWU kinachowakusanya wahudumu wa ndani ya ndege, mafundi na wafanyakazi wa uwanjani.

Nguvu za vyama hivyo hazilingani. Mwaka 2012 kampuni ilipopunguza takriban wafanyakazi 600, KAWU ilikwenda mahakamani ikashinda, lakini mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha amri ya kuwarudisha kazini. Marubani ni wachache, ila si rahisi kupata wa kushika nafasi zao: aliyeidhinishwa kurusha Embraer 190 hawezi kupewa Boeing 787 kesho yake bila mafunzo mapya. Ndiyo maana KALPA imethubutu kudai hata wakubwa waondoke. Mwaka 2016, kampuni ilipotangaza hasara ya Sh26.2 bilioni, marubani walitishia kugoma hadi mwenyekiti Dennis Awori na mkurugenzi mkuu Mbuvi Ngunze wang’atuke. Awori alimpisha Michael Joseph mwaka huohuo. Ngunze aliondoka mwaka uliofuata.

Kwa hiyo ni kosa kuisoma migogoro hii kama ugomvi wa mishahara tu. Machi 2019 KAWU iligoma kupinga mpango wa kampuni kukabidhiwa uendeshaji wa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta (JKIA). Polisi walirusha vitoa machozi na safari zikakwama.

Mgomo uliotikisa zaidi ulianza Novemba 5, 2022, licha ya amri ya mahakama ya kuusitisha. Marubani walitaka kampuni irudishe michango yake kwenye mfuko wa akiba ya uzeeni, iliyokatwa wakati wa janga la korona. Menejimenti chini ya Allan Kilavuka ilisema kila siku ya mgomo ingegharimu takriban Sh300 milioni. Serikali nayo haikuwa mtazamaji: tangu madeni yalipopangwa upya mwaka 2017 inamiliki asilimia 48.9 ya hisa, na nyingine asilimia 38.1 zikashikwa na benki zilizokuwa zikidai.

Novemba 8, Mahakama ya Ajira na Leba iliwaamuru marubani warudi kazini kufikia saa kumi na mbili asubuhi iliyofuata, na ikaikataza menejimenti kuwatisha au kuwaadhibu. Marubani walitii.