Kinosaki, Mji wa Hamamu Saba

Kinosaki ni mji mdogo wa majimoto kaskazini mwa mkoa wa Hyogo, Japani, kilomita chache kutoka Bahari ya Japani. Umebanwa kwenye bonde jembamba lenye vilima vya misitu pande zote mbili. Katikati yake unapita mto Otani, mto mdogo wenye miti ya mierebi kingoni na madaraja ya mgongo wa kobe, ambao unaishia kwenye mto mkubwa wa Maruyama. Tangu 2005 mji huu ni sehemu ya manispaa ya Toyooka. Treni ya haraka kutoka Kyoto hufika baada ya saa mbili na nusu hivi.

Wenyeji husema kwamba mji wao wote ni nyumba moja ya wageni. Stesheni ndiyo mlango wa mbele, barabara ni ujia, nyumba za wageni za jadi ziitwazo ryokan ni vyumba vya kulala, na hamamu saba za umma ndizo bafu. Maneno hayo hutumika sana kuvutia watalii, lakini ni kweli tupu. Mji ulipangika hivyo kwa sababu maji ya moto yalihesabiwa kuwa mali ya wote, na haki hiyo iliwahi kugombaniwa mahakamani.

Asili ya majimoto haya husimuliwa kwa namna mbili. Masimulizi ya kwanza yanamtaja Dochi, mtawa wa Kibuddha aliyefika bondeni mwanzoni mwa karne ya 8 na kusali siku 1,000 kuwaombea wagonjwa. Sala zilipotimia, mwaka 720, maji ya moto yakabubujika mahali ilipo sasa hamamu ya Mandara-yu. Hekalu la Onsenji, lililoko mlimani juu ya mji, lilianzishwa 738 na linamheshimu mtawa huyo. Zamani mgeni hakuingia majini kabla ya kupanda hekaluni, kusali na kupewa kata ya kuchotea maji. Sanamu kuu ya hekalu, ya Kannon mwenye nyuso kumi na moja, hufunguliwa kwa waumini mara moja tu kila miaka 33, na ikifunguliwa huachwa wazi kwa miaka mitatu.

Masimulizi ya pili yanahusu korongo mweupe aliyeonekana akitia mguu wenye jeraha kwenye dimbwi hadi akapona. Watu walipochungulia wakakuta maji ya moto, na hapo ndipo penye hamamu ya Kono-yu. Hadithi za mnyama aliyegundua chemchemi zimejaa Japani nzima, ila hii ina mkia wake wa kweli. Korongo wa mwisho wa porini nchini humo alikufa Toyooka mwaka 1971. Waliorudishwa porini baada ya kuzalishwa kwenye mabanda walianza kuachiwa katika manispaa hiyohiyo mwaka 2005.

Sifa ya Kinosaki ilikua hasa katika zama za Edo, kati ya karne ya 17 na ya 19, watu walipozoea kukaa kwenye majimoto kwa wiki kadhaa ili kujitibu. Tabibu Goto Konzan wa Kyoto aliwaelekeza wagonjwa kwenye majimoto. Mwanafunzi wake, Kagawa Shutoku, aliandika kuhusu tiba hiyo na kuitaja chemchemi moja ya Kinosaki kuwa bora kuliko zote nchini, nayo hamamu yake ikapata jina la Ichi-no-yu, yaani Maji ya Kwanza. Si wote waliokuja kwa ajili ya afya. Mwaka 1864 Katsura Kogoro, samurai wa Choshu aliyekuwa akisakwa na serikali ya shoguni, alijificha hapa kwa muda. Baadaye, kwa jina la Kido Takayoshi, akawa miongoni mwa viongozi wakuu wa serikali mpya ya Meiji.

Reli ilifika 1909, na safari iliyokuwa ya siku nyingi kwa miguu ikawa ya saa kadhaa. Miaka minne baadaye akaja mwandishi Shiga Naoya, aliyekuwa amegongwa na treni ya mjini Tokyo na kushauriwa apumzike. Alikaa kama wiki tatu. Hadithi yake fupi ya 1917, ambamo msimulizi anatafakari kifo kwa kutazama nyuki, panya na mjusi wa majini, ina kurasa chache na takriban haina matukio. Pamoja na hayo imesomwa na vizazi vya wanafunzi, na inaelekea imelipa jina la Kinosaki uhai mrefu kuliko tangazo lolote.

Mji alioutazama Shiga haupo tena. Tarehe 23 Mei 1925, muda mfupi baada ya saa tano asubuhi, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga eneo la Tajima ya Kaskazini. Majiko yalikuwa yamewashwa kwa chakula cha mchana, na moto ukaenea kwenye nyumba za mbao zilizobanana. Waliokufa katika eneo zima walikuwa zaidi ya 400, wengi wao wa Kinosaki, na karibu mji wote ukateketea.

Namna ulivyojengwa upya inaeleza sura yake ya leo. Barabara zilipanuliwa na mto ukanyooshwa. Kingo zikajengwa kwa mawe ya volkeno kutoka mapango ya Genbudo yaliyo jirani, ambako tetemeko lilikuwa limeporomosha nguzo nyingi. Majengo ya zege yaliwekwa hapa na pale ili kuzuia moto usivuke, lakini nyumba za wageni zilirudishwa kwa mbao, nyingi zikiwa za ghorofa tatu. Ulikuwa uamuzi wa ujasiri kwa watu waliotoka kuunguliwa. Mgeni anayedhani anatembea kwenye mtaa wa karne nyingi anatazama, kwa sehemu kubwa, ujenzi wa miaka ya 1920 na 1930.

Majivu yalikuwa hayajapoa sana ugomvi ulipoanza. Kwa desturi, nyumba za wageni za Kinosaki hazikuwa na bafu la majimoto ndani. Kila mgeni, tajiri na maskini, alitoka kwenda hamamu. Mwaka 1927 nyumba moja ikachimba kisima katika kiwanja chake na kujenga bafu la ndani. Mwenye nyumba alidai kilicho chini ya ardhi yake ni chake. Wenzake walijibu kwamba majimoto ni ya jamii nzima tangu enzi za mababu, tena walikuwa na hofu mbili: visima vya watu binafsi vingekausha chemchemi za zamani, na wageni wasiotoka nje wasingepita kwenye maduka ya chakula na vinyago yaliyowalisha wakazi wengine. Mgogoro huo, pamoja na kesi zake, ulidumu miaka 23.

Suluhu ya 1950 iliwapa wote sehemu ya haki. Maji yaliwekwa mikononi mwa chombo cha pamoja cha mtaa, na bafu za ndani zikaruhusiwa kwa sharti la kuwa ndogo. Tangu 1972 maji ya visima mbalimbali hukusanywa, huchanganywa na kusambazwa kwa mabomba hadi kwenye hamamu na nyumba za wageni. Kwa hiyo hamamu zote saba, yaani Satono-yu, Jizo-yu, Yanagi-yu, Ichi-no-yu, Goshono-yu, Kono-yu na Mandara-yu, hutumia maji yaleyale yenye chumvi kidogo na yasiyo na rangi. Hilo halizuii kila moja kuwa na baraka yake: hii kwa watahiniwa, ile kwa wajawazito, nyingine kwa wafanyabiashara.

Kukaa kwenye ryokan ya Kinosaki kuna utaratibu wake. Mgeni hufika alasiri, huvua viatu mlangoni na kupelekwa kwenye chumba kilichotandikwa mikeka minene ya tatami. Hupewa yukata, vazi jepesi la pamba, na mitalawanda ya kutembelea mtaani. Watu wa mji huitambua nyumba aliyofikia kwa nakshi za vazi lake. Gharama, ambayo kwa kawaida hutozwa kwa kila mtu na kujumuisha chakula cha jioni na kifungua kinywa, huambatana na kibali cha kuingia hamamu zote bila malipo mengine. Ndani ya hamamu wanaume na wanawake hutengana, nguo zote huvuliwa, na kila mtu hujisugua na kujisuuza akiwa ameketi kwenye kigoda kabla ya kuingia majini. Bwawa ni la kujiburudisha, si la kuogea uchafu, wala taulo haitiwi humo. Wenye chale za rangi mwilini, ambao hukataliwa kwenye bafu nyingi za Japani, hupokewa hapa.

Mgeni anapokuwa mezani au hamamuni, wahudumu hutandika godoro na mashuka sakafuni. Chakula huletwa kwa sahani ndogo ndogo za mfululizo, nyama ya ng'ombe wa Tajima ikiwemo. Kuanzia Novemba hadi Machi kila kitu humpisha kaa dume wa theluji anayeitwa matsuba, anayevuliwa Bahari ya Japani na kufungwa kitambulisho cha bandari alikoshushwa. Huliwa mbichi, wa kuchoma na wa kuchemsha, na mchuzi unaobaki hupikiwa wali. Bei za vyumba hupanda sana katika miezi hiyo, na nyumba nyingi hujaa mapema.