Kimea, karanga na makopa: bakuli la mtoto wa Rondo

Kimea cha mtama kinataka siku tatu au nne na jicho la mtu mzima. Punje zinalowekwa usiku kucha. Asubuhi zinachujwa, zinatandazwa juu ya majani ya mgomba au gunia lililolowa, zinafunikwa, kisha zinanyunyiziwa maji asubuhi na jioni. Zikishachipua zinaanikwa juani mpaka zikauke kabisa, ndipo zinapukutwa kwa viganja hadi vichipukizi na vijizizi vyote vitoke. Zinapepetwa, zinatwangwa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mpole katika mambo mengi, lakini kwenye kupukuta hakumwachia mtu nafasi. Alisema vile vinyuzi ni vibaya kwa tumbo la mtoto, basi. Nilipokuja kusomea uuguzi nikakuta kwamba machipukizi ya mtama yana kemikali inayozalisha sianidi mwilini, na kwamba kuyaondoa pamoja na mizizi kabla ya kusaga ndiko kunakoufanya unga uwe salama kwa mtoto.

Unga huo hautumiki kupikia uji. Unautia mwishoni. Unapika uji wa mtama mzito, ule ambao mwiko unasimama, unauepua na kuuacha upoe kidogo, kisha unakoroga kijiko kimoja cha kimea. Dakika chache tu uji unalainika na kumiminika kama maziwa. Hujaongeza tone la maji. Kazi hiyo inafanywa na vimeng'enya vilivyoamka punje ilipochipua. Vinaukata wanga vipande vidogo, nao unaacha kushika maji. Mtoto wa miezi minane ana tumbo dogo. Ukimpa uji mzito hawezi kuumeza, ukiuongezea maji anashiba maji. Kimea kinampa unga mwingi katika uji mwepesi, na humo ndimo ilimokuwa akili yote ya chakula cha mtoto huku kwetu.

Huku kwetu ni Rondo, uwanda wa juu nyuma ya Lindi, Mto Lukuledi ukiwa kusini na Mbwemkuru kaskazini. Wamwera ndio wengi, wakichanganyika na Wamakonde, Wamakua na Wayao. Watafiti wanaijua Rondo kwa msitu wake, na kwa yule komba mdogo aliyepewa jina la Rondo kwenye vitabu vya sayansi miaka ya 1990. Wafanyabiashara wa mbao waliijua kwa mvule. Bakuli la mtoto halikupata mwandishi, kwa sababu lilikuwa kazi ya wanawake na lilifanyika jikoni. Ninayoyaeleza hapa mengine nimeyasoma, mengine nimeyapata kwa wazee waliokuwa wakiniletea wajukuu kliniki.

Ukoo wetu hufuatwa upande wa mama, kwa hiyo mtoto wa kwanza alilelewa chini ya macho ya bibi mzaa mama. Huyo ndiye aliyekuwa na ufunguo wa bakuli. Ziwa lilinyonywa miaka miwili au zaidi, na wazazi walihimizwa wakae mbalimbali wasije wakambemenda mtoto. Siku ya kumlikiza ilipofika, chuchu ilipakwa shubiri. Uji, hata hivyo, ulianza mapema mno. Wazee wengi waliniambia kwamba mtoto akilia sana wiki za kwanza alionjeshwa uji mwepesi, kwani kilio kilichukuliwa kuwa njaa. Hapo sisi wa kliniki tulipingana nao, na bado napingana nao. Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani linasema miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, na nimeona watoto wa miezi miwili wakiharisha kiasi cha kunifanya nisilegee.

Baada ya meno kutoka ndipo elimu ya bibi ilipoonekana. Uji wa mtama wenye kimea. Karanga zilizokaangwa kidogo, zikatolewa maganda, zikatwangwa mpaka zikatoa mafuta, zikachanganywa humo. Kunde au njugu mawe zilizochemshwa na kuchujwa. Ubuyu ukiwepo, ukwaju ukiwepo. Na togwa, iliyochacha usiku mmoja. Utafiti uliofanywa nchini miaka ya 1990 ulionyesha kuwa watoto waliokunywa togwa walikuwa na vijidudu vichache vya kuharisha tumboni, kwa sababu ule uchachu hauwapi vijidudu nafasi ya kuzaliana. Kwa mama anayepika mara moja asubuhi kisha anakwenda shamba, togwa ilikuwa ndiyo njia ya kuacha chakula kisichoharibika hadi jioni.

Sasa swali lililonisumbua miaka yote ya kazi: kama haya yote yalikuwepo, kwa nini nilikuwa nikipima watoto waliodumaa? Mwaka 2010 utafiti wa taifa wa afya ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Lindi wamedumaa. Jibu lililokuwa likitolewa semina baada ya semina ni kwamba akina mama hawana elimu ya lishe. Silikubali. Jibu liko kwenye historia ya mashamba.

Mtama unataka amani. Unavunwa mara moja, unawekwa ghalani, na ghala linaonekana kwa mbali. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere na watu waliokombolewa utumwani walipotoka Lindi kwenda kuanzisha Masasi, nchi hii ilikuwa tayari inaogopa misafara ya watumwa. Mwaka 1882 Magwangwara, wavamizi wa Kingoni, waliishambulia Masasi yenyewe. Kisha ikaja Maji Maji mwaka 1905. Misheni ya Nyangao, bondeni chini ya Rondo, ilichomwa, na majibu ya Wajerumani yakawa kuteketeza maghala na mashamba kwa makusudi, mpaka njaa imalize kilichoachwa na bunduki. Miaka michache baadaye, kati ya 1909 na 1913, mamia ya watu walikuwa Tendaguru wakichimba mifupa ya dinosaria na kuibeba kichwani hadi bandari ya Lindi ili ipelekwe Berlin. Wengi walikaa kambini pamoja na wake na watoto, na ninapoziona zile picha za mifupa mikubwa huwaza ni nani aliyekuwa akitwanga pembeni. Oktoba 1917 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck yalikutana Mahiwa, mwendo mfupi tu kutoka Nyangao, katika vita vikali kuliko vyote vya huku. Jeshi halilimi. Linakula ghala la mtu.

Muhogo unakaa ardhini. Hauchomwi, haubebwi kirahisi, na ndege hawautaki. Serikali za kikoloni, ya Kijerumani na ya Kiingereza, zote ziliuhimiza, wakati mwingine kwa amri, kuwa kinga ya njaa. Uliokoa maisha, na sitamsikiliza anayeutukana. Ila kwa mtoto mdogo una kasoro mbili. Protini yake ni kidogo sana, na uji wa makopa, yaani muhogo uliokaushwa, ni mzito unaovutika, unaomjaza mtoto kabla hajapata anachokihitaji. Mama aliyekuwa na karanga aliurekebisha. Asiyekuwa nazo alimpa mtoto ugali laini na mchuzi wa kisamvu, mtoto akawa na mashavu ya kuvimba na nywele zenye rangi ya kutu. Daktari Cicely Williams aliyeieleza hali hiyo katika miaka ya 1930 kule Gold Coast, Ghana ya leo, alichukua jina la kwashakoo kutoka kwa akina mama wa huko, waliokuwa wakiijua kuwa ni ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa ajili ya mdogo wake.

Karanga nazo zina kisa chake, na kisa hicho kinaniuma. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha ule mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na jirani yetu Nachingwea. Walitaka mafuta ya kula kwa ajili ya Uingereza iliyokuwa na mgawo wa chakula baada ya vita. Walileta matrekta, wakajenga reli na bandari ya Mtwara, wakatumia zaidi ya pauni milioni 35, na kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa. Reli iling'olewa miaka ya 1960. Wakati wote huo wanawake wa Rondo walikuwa wakilima karanga kwenye vishamba vyao, kati ya mistari ya muhogo, wakitenga debe moja la mbegu na moja la mtoto. Hakuna aliyekuja kuwauliza wanazipandaje.

Baada ya uhuru serikali ilijaribu kwa moyo, na hilo nalisema kwa shukrani. Kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 iliwakusanya watu kama milioni mbili kwenye vikundi vya redio. Mwaka huohuo Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, na mwaka huo Waziri wa Afya akawa Leader Stirling, daktari aliyefika Masasi mwaka 1935, akapasua wagonjwa Lulindi katika hospitali ya majani, na baadaye akafanya kazi Mnero. Mtu aliyeyajua matumbo ya watoto wa Kusini kwa mikono yake alikuwa amekaa kiti cha uwaziri.

Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtafiti Mosha wa Taasisi hiyo ya Chakula na Lishe, akishirikiana na Ulf Svanberg wa Sweden, alipima kwenye maabara kile bibi alichokuwa akikifanya: uji mzito, kijiko cha kimea, uji laini. Waliuandika mwaka 1983, na elimu hiyo ikasambazwa kwa wahudumu wa afya. Nasi tukapanda nayo Rondo. Wazee walitusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu mmoja akaniuliza, "Mwanangu, mtama wenyewe utatoka wapi?"

Swali hilo lilikuwa na uzito kuliko semina zote. Mtama unaliwa na ndege kabla haujaiva. Zamani watoto waliamia ndege, wakikaa kwenye dungu tangu alfajiri. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 na elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977, watoto walikwenda shule, na haki yao ilikuwa hiyo. Vijiji vya ujamaa vilikwishawasogeza watu mbali na mashamba ya zamani. Mikorosho ilichukua ardhi na nguvu za wanawake, na kuokota korosho kunaangukia miezi ileile ya kutayarisha shamba la chakula. Mashine ya kusaga ilipofika, ilikuja na sembe, nyeupe na laini, isiyo na kiini wala pumba. Mama alipumzishwa kinu, jambo zuri kabisa, lakini mtoto akapewa unga ulioondolewa sehemu yake iliyo bora. Hakuna hata mmoja katika mnyororo huu aliyekuwa mjinga.

Njaa ikizidi, hata ujuzi uliopo hukatwa vipande. Mwaka 1988, wilayani Masasi, watu walidhurika kwa kula unga wa muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka. Kwa kawaida makopa huchukua siku nyingi. Chinyanya ni njia ya mkato: muhogo mbichi unatwangwa na kuanikwa, unatwangwa tena na kuanikwa tena, unaliwa siku hiyohiyo au ya pili. Sumu haipati muda wa kutoka. Wanaoifanya chinyanya wanajua hatari yake, ila watoto wanalia leo.

Wenzetu wa Uganda walipata njia inayofaa nchi ya ndizi. Kituo cha Mwanamugimu, hospitalini Mulago, kilifunguliwa mwaka 1965, na kikawafundisha akina mama kitobero: ndizi au viazi, maharage, karanga au dagaa na mboga, vyote vikipondwa na kupikwa kwa mvuke kwenye jani la mgomba. Ninachokipenda ni kwamba walianza na kilichomo jikoni mwa mama.

Siku hizi Rondo na Lindi mjini uji wa mtoto unaitwa uji wa lishe, na watu wanashindana kwa idadi ya nafaka: mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya, karanga, korosho, vyote kwenye debe moja mashineni. Nawaomba akina mama wapunguze. Nafaka tano hazimpi mtoto kitu ambacho mbili hazimpi. Anachohitaji ni nafaka moja au mbili, jamii ya kunde, mafuta kidogo, tunda na yai au dagaa pembeni. Karanga zisisagwe pamoja na nafaka na kuwekwa miezi, maana huvunda, na karanga yenye ukungu hubeba sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 20 Dodoma na Manyara. Kwa hiyo karanga za mtoto zichaguliwe moja moja juu ya ungo, iliyosinyaa itupwe, yenye doa itupwe, asipewe hata kuku. Zisagwe kidogo kidogo, za wiki moja tu.

Na mtama unarudi, hasa mbegu fupi zinazoiva mapema, kwa sababu mvua haziaminiki tena. Mama mwenye shamba la mtama hata la hatua ishirini anaweza kuotesha kimea cha mwezi mzima kwa kibaba kimoja cha punje. Loweka usiku, funika, nyunyizia asubuhi na jioni, anika, na usiache kupukuta.