Printa ya leza katika hewa ya Pwani: namna ya kuitunza na kuepuka matatizo ya kila siku

Kazi yangu ni kutengeneza printa na mashine za fotokopi katika maofisi, mashule, madrasa na maduka ya saiba hapa Mombasa. Printa nyingi ninazoitiwa hazijaharibika. Zimetiliwa karatasi yenye unyevu, zimejaa vumbi, au zimejazwa wino usio wake. Ninapofika, wenyewe mara nyingi wameshakata shauri kununua mashine nyingine. Kwa duka dogo la saiba hiyo ni faida ya miezi kadhaa, na kwa shule ni pesa za karo za watoto wetu. Ndiyo maana nimeona niyaandike haya, ili karani aweze kuikagua mashine yake kabla ya kumwita fundi.

Jinsi inavyofanya kazi

Printa ya leza haitumii wino wa maji. Hutumia unga laini wa plastiki uliochanganywa na rangi, uitwao tona. Ndani ya katriji mna mche wa mviringo uitwao dramu, ambao aghalabu huwa na rangi ya kijani au buluu. Dramu hutiwa chaji ya umeme, kisha mwanga wa leza huchora maandishi juu yake kwa kuiondoa chaji hiyo mahali panapotakiwa. Unga hunata pale palipochorwa. Karatasi inapopita, rola iliyo chini yake huuvuta unga kutoka kwenye dramu. Mwisho karatasi hupita kwenye fyuza, yaani rola zenye joto la karibu nyuzi 200 za sentigredi, na hapo unga huyeyuka na kushikamana na karatasi.

Ukizielewa hatua hizi, utaona kwamba kila tatizo lina mahali pake.

Unyevu ndio adui wa kwanza

Hapa Mombasa unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, na wakati wa masika huzidi. Karatasi huunywa unyevu huo kama kitambaa. Karatasi yenye unyevu haishiki chaji vizuri, kwa hiyo maandishi hutoka hafifu au yenye mabaka meupe. Ikifika kwenye fyuza hujikunja na kukwama. Wakati mwingine mvuke huonekana ukitoka juu ya mashine na watu hukimbilia kuchomoa waya wakidhani ni moshi. Moshi una harufu ya kuungua. Mvuke wa karatasi hauna.

Kinga yake ni rahisi. Rimu ya karatasi, yenye kurasa 500, iache ndani ya ganda lake mpaka siku ya kuitumia, kwa sababu ganda hilo limetengenezwa kuzuia unyevu. Usiiweke sakafuni wala usiiegemeze ukutani. Iweke kwenye rafu au kabati. Tia kwenye trei karatasi za kutosha kazi ya siku hiyo, na zilizobaki zifunge ndani ya mfuko wa plastiki. Ikiwa karatasi imetoka katika chumba chenye kiyoyozi kwenda penye joto, iache ikae siku moja bila kufunguliwa, la sivyo unyevu wa hewa utaganda juu yake.

Maandishi yakianza kufifia, jaribu kwanza kurasa 10 kutoka rimu mpya. Yakitoka meusi, tatizo lilikuwa karatasi, na hujatumia hata shilingi moja kwa fundi.

Karatasi isiyofaa

Tumia karatasi ya gramu 80. Karatasi ing'aayo ya picha iliyotengenezwa kwa printa za wino wa maji isiingie kabisa kwenye printa ya leza, kwa maana huyeyuka na kujizungusha kwenye fyuza. Najua wengi tunapenda kutumia upande wa pili wa karatasi iliyokwisha chapishwa ili kubana matumizi. Si vibaya, lakini hakikisha haina pini, haijakunjwa, na haijabandikwa gundi. Pini moja ya stepula yatosha kuikwaruza dramu.

Karatasi ikikwama

Zima mashine. Toa katriji na uifunike kwa kitambaa kizito, kwani dramu huharibiwa na mwanga, hasa wa jua. Ivute karatasi kwa mikono miwili, polepole, kufuata njia yake ya kawaida. Ukiivuta kwa nguvu kinyumenyume itachanika, na kipande kitakachobaki ndani kitakwamisha nyingine. Usiguse fyuza mpaka ipoe kwa nusu saa.

Karatasi zikikwama kila siku pale pale penye trei, au zikiingia mbili mbili, tazama rola ya mpira inayozivuta. Vumbi huifanya iwe laini na kuteleza. Ifute kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholoweshwa maji kidogo. Ikiwa mpira umeisha, rola yenyewe hubadilishwa, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na printa mpya.

Kuusoma ukurasa

Mstari mweusi unaoshuka kutoka juu hadi chini mara nyingi ni mkwaruzo kwenye dramu. Mstari mweupe ni unga unaokwisha au kioo cha leza chenye vumbi. Ukurasa wote ukiwa na rangi ya kijivu, dramu imechakaa au unga ni mbaya. Maandishi yakifutika kwa kidole, fyuza haipati joto la kutosha, au unga si wa mashine ile.

Doa linalojirudia lipime kwa rula. Katika printa nyingi ndogo dramu ina kipenyo cha milimita 24, basi doa lake hurudi kila baada ya milimita 75 hivi. Ukipata kipimo hicho, badilisha katriji, usiguse kitu kingine.

Kujaza tena katriji

Sipingi kujaza tena. Bei ya katriji mpya tunaijua sote. Lakini rahisi ni ghali. Kila unga una joto lake la kuyeyuka, na unga usiolingana na mashine huchafua fyuza. Mwambie anayekujazia amwage kwanza unga uliotumika, uliokusanyika katika chumba chake cha taka. Asipofanya hivyo, utarudi kumwagika juu ya karatasi zako. Kumbuka pia kwamba idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi hukadiriwa kwa ukurasa wenye wino asilimia 5 tu. Picha na matangazo ya harusi hula zaidi ya hapo.

Unga ukimwagika, ufute kwa kitambaa kikavu na uoshe mikono kwa maji baridi. Maji ya moto huuyeyusha na kuugandisha. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani, kwani unga hupenya chujio lake na kutawanyika hewani mnakovuta pumzi.

Umeme na mahali pa kuiweka

Fyuza hunyonya umeme mwingi kwa ghafla inapopata moto. Usiichomeke printa ya leza kwenye UPS ndogo ya kompyuta, itailemea. Ichomeke ukutani kupitia kizuizi cha mshtuko wa umeme, na stima zikipotea chomoa waya mpaka zirudi na kutulia. Iweke mbali na dirisha, kwa sababu vumbi na hewa ya chumvi huingia humo. Jioni ifunike, lakini baada ya kupoa.

Mwisho, nawasihi wakuu wa ofisi na walimu wakuu wamteue mtu mmoja wa kuishughulikia mashine. Kila Ijumaa apanguse vumbi, akague trei na kuandika daftarini tatizo lolote lililotokea. Pale ambapo kila mtu hufungua na kuvuta apendavyo, mashine hufa usiku wa kuamkia mtihani, na wanafunzi hukaa asubuhi nzima wakingoja karatasi.