Tarumbeta, Kinanda na Tumbusi: Wapenzi wa Flamengo wa Zama Zilizopita

Historia za vilabu vya mpira aghalabu huandikwa kwa majina ya wachezaji na hesabu ya vikombe. Aliyekaa jukwaani hatajwi, ila pale anapofanya fujo. Lakini huko Rio de Janeiro, nchini Brazil, klabu ya Flamengo inayo historia ya pili, ambayo waliyoitunga ni watu wasiopata hata siku moja kuugusa mpira uwanjani. Walikuwa wapiga tarumbeta, watunzi wa nyimbo, washonaji wa bendera na wachora vikatuni. Swali walilolijibu, kila mmoja kwa namna yake, wapenzi wa ushairi wanalijua: je, anayependa ni wajibu wake kusifu tu, au anayo haki ya kulaumu pia?

Flamengo iliasisiwa mwaka 1895 kuwa chama cha kupiga makasia. Soka iliingia mwaka 1911, pale kundi la wachezaji lilipoihama Fluminense kwa ugomvi, na hapo ndipo ulipozaliwa utani wa jadi unaoitwa Fla-Flu. Katika miaka ile ya mwanzo, mpira ulikuwa mchezo wa wenye nacho. Mambo yakaja kubadilika katika miaka ya 1930. Mwaka 1936 Flamengo ilikuwa na wachezaji weusi mashuhuri kama Leônidas da Silva na Domingos da Guia, na watu wa vitongoji maskini wakaiona timu kuwa ni yao. Kwa Kireno mshabiki huitwa “torcedor”, neno litokanalo na kitenzi cha kusokota na kupinda. Mshabiki, kwa hiyo, ni mtu anayejisokota kwa roho kumpanda na kumshuka.

Mmoja wa waliosokotwa hivyo alikuwa Jaime de Carvalho, mzaliwa wa Bahia aliyehamia Rio. Mwaka 1942, katika mechi ya Fla-Flu, aliingia uwanjani na bendera kubwa pamoja na kikundi cha wapiga tarumbeta na ngoma. Mkewe, Laura, mwanamke wa Kireno, ndiye aliyekuwa mkono wake wa kulia katika kushona bendera na mavazi. Muziki wao haukuwa wa kusifika. Kila mmoja alipiga kwa pumzi zake, na mtangazaji mmoja wa redio akawabeza kwa kuwaita “charanga”, yaani kibendi cha mitaani kisichopatana sauti. Jaime hakukasirika. Alilichukua lile jina la kejeli akalifanya jina rasmi la kikundi chake. Mwaka ule Flamengo ikawa bingwa wa Rio, ikarudia mwaka 1943 na tena mwaka 1944, na Charanga ikawa sehemu ya timu.

Msomaji wa mwambao hatastaajabu. Aliyepata kusikia habari za beni, zilizoenea Lamu na Mombasa tangu mwisho wa karne ya 19, anajua jinsi tarumbeta na sare zinavyoweza kuugawa mji mapande mawili, na jinsi watu wasio na cheo wanavyoweza kujipatia heshima kwa mpangilio wa gwaride lao. Jaime naye aliipenda nidhamu. Katika kikundi chake matusi yalikatazwa, na kuizomea timu ilikuwa haramu hata inapofungwa. Kwake yeye, kazi ya mshabiki ilikuwa moja tu: kuwatia moyo wachezaji hadi filimbi ya mwisho.

Mtangazaji aliyewabeza alikuwa Ary Barroso, naye hakuwa adui. Alikuwa mtunzi wa “Aquarela do Brasil”, wimbo wa mwaka 1939 uliozunguka dunia nzima, na alikuwa Flamengo wa damu. Alitangaza mpira huku ameshika kinanda cha mdomo. Flamengo inapofunga, kinanda kililia kwa muda mrefu na kwa furaha. Wapinzani wanapofunga, kilitoa mlio mfupi wa huzuni. Husimuliwa kwamba Vasco da Gama walipomkataza kuingia uwanjani kwao, alipanda juu ya paa la jirani akatangaza kutoka huko. Husimuliwa pia kwamba alikataa kazi Hollywood kwa sababu kule hakuna Flamengo. Akiwa diwani wa mji, alikuwa miongoni mwa waliotetea ujenzi wa uwanja wa Maracanã, uliofunguliwa mwaka 1950. Katika uwanja huo, tarehe 15 Desemba 1963, watu 177,020 walikata tiketi kuangalia Fla-Flu iliyokwisha bila bao na kuipa Flamengo ubingwa. Ary alifariki dunia Februari 1964, siku ya kanivali.

Sifa hizi hazikuwa za Flamengo peke yake. Tangu mwaka 1956 mashabiki wa Vasco waliongozwa na mwanamke, Dulce Rosalina, katika zama ambazo jukwaa lilihesabiwa kuwa baraza la wanaume.

Hata hivyo, nidhamu ya Jaime iliwachosha baadhi ya vijana. Timu ilipokwenda kombo, wao walitaka kusema. Mwaka 1967 wakajitenga na Charanga, wakaunda kikundi walichokiita Nguvu ya Vijana, kilichokuja kujulikana kama Torcida Jovem. Walidai haki ya kuzomea kwa sababu waliona kwamba anayeipenda timu hawezi kunyamaza inapoharibika. Nchi nzima wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi, ulioanza mwaka 1964, na kulaumu wakubwa hadharani halikuwa jambo jepesi.

Miaka miwili baadaye likaja tukio linalosimuliwa zaidi ya mengine yote. Mashabiki wa vilabu pinzani walikuwa na tabia ya kuwaita watu wa Flamengo “tumbusi”, tusi lililolenga weusi wao na umaskini wao. Mwaka 1969, siku ya mechi na Botafogo, vijana wachache walimkamata tumbusi jalalani, wakamwingiza Maracanã kwa siri, wakamfunga bendera na kumwachia. Ndege akazunguka, akatua uwanjani, na uwanja mzima ukalipuka kwa vifijo. Flamengo, iliyokuwa haijaishinda Botafogo kwa miaka kadhaa, ikashinda mabao 2 kwa 1. Mchora vikatuni Henfil akamchukua tumbusi yule katika kurasa za gazeti la Jornal dos Sports, akamfanya alama ya klabu mahali pa Popeye wa zamani. Tangu hapo tusi likaondoka mikononi mwa mtukanaji.

Jaime alifariki dunia mwaka 1976. Sehemu ya Maracanã walikosimama maskini kwa tiketi ya bei ndogo, iliyoitwa “geral”, ilifungwa mwaka 2005, na viti vikachukua nafasi yake. Aliyekuwa akiingia kwa senti chache amepoteza mahali pa kusimama. Lakini alichoanzisha Jaime na walichodai vijana wa 1967 vingali vinaishi pamoja katika jukwaa lile lile: wimbo unapigwa bao linapoingia, na zomeo linasikika timu inapozembea. Na tumbusi, aliyeletwa kuwa aibu, amebaki kwenye bendera.