Olimpiadi ya hisabati: maswali yake yakoje, na mtoto wa kijijini anajifuaje?

Ukisikia kwenye taarifa ya habari kwamba wanafunzi fulani wamesafiri kwenda kushindana hisabati, ni rahisi kudhani wanashindana kukokotoa haraka, nani atazidisha namba ndefu kabla ya mwenzake. Sivyo. Katika Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, ambayo kwa kifupi huitwa IMO, mwanafunzi hupewa maswali matatu siku ya kwanza na matatu siku ya pili. Kila siku ana saa nne na nusu. Hiyo ni wastani wa saa moja na nusu kwa swali moja. Kikokotoo hakiruhusiwi, na hata kingeruhusiwa kisingemsaidia sana.

Katika makala haya tunaeleza maswali hayo yakoje, tunafanya mawili pamoja nawe hatua kwa hatua, kisha tunasema machache kuhusu mazoezi. Chukua kalamu na karatasi kabla ya kuendelea.

IMO ilianza mwaka 1959 nchini Romania, na nchi 7 tu zilishiriki. Siku hizi nchi zaidi ya 100 hupeleka timu, kila timu ikiwa na wanafunzi wasiozidi 6. Mshiriki anatakiwa awe na umri wa chini ya miaka 20 na awe hajaanza chuo kikuu. Kila swali lina alama 7, hivyo alama zote ni 42. Mwanafunzi aliyekosa medali lakini akajibu swali moja kwa ukamilifu, yaani akapata alama zote 7 za swali hilo, hupewa cheti cha heshima. Swali moja tu! Hilo peke yake linakuonyesha ugumu ulivyo, na linaonyesha pia kwamba waandaaji wanathamini kazi moja iliyokamilika kuliko sita zilizoachwa njiani.

Bara letu lina mashindano yake, Olimpiadi ya Hisabati ya Afrika, PAMO, yaliyoanza Morocco mwaka 1987. Yamewahi kufanyika jirani na sisi, Nairobi mwaka 2018 na Kigali mwaka 2023. IMO yenyewe ilikanyaga ardhi ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2014, mjini Cape Town.

Swali la kwanza kabisa

Hili ndilo swali namba moja la mwaka 1959, swali lililofungua mashindano hayo. Tunaliandika kwa maneno.

Chagua namba nzima yoyote kuanzia 1. Izidishe kwa 21, kisha ongeza 4. Andika jibu juu, liwe kiasi cha sehemu. Sasa chukua namba ileile uliyoichagua, izidishe kwa 14, kisha ongeza 3. Andika jibu chini, liwe asili. Thibitisha kwamba sehemu hiyo haiwezi kurahisishwa hata kidogo, namba yoyote utakayochagua.

Tujaribu. Ukichagua 1, unapata 25 juu ya 17. Hairahisishiki. Ukichagua 2, unapata 46 juu ya 31. Hairahisishiki. Ukichagua 10, unapata 214 juu ya 143. Nayo pia hairahisishiki.

Hapa ndipo wanafunzi wengi husimama. Wamejaribu namba kumi, zote zimekubali, wanaandika "ni kweli" na kufunga daftari. Kwenye mtihani wa kawaida pengine wangepata alama. Kwenye olimpiadi hawapati kitu, kwa sababu namba hazina mwisho. Hata ukijaribu milioni moja, nani anajua kama ile inayofuata haitakataa? Wanachotaka wasahihishaji ni sababu inayozibana namba zote kwa mpigo.

Sababu hiyo ni hii. Fikiria magunia mawili ya mahindi na kopo moja la kupimia. Unapima gunia la kwanza kwa kopo hilo, linaisha bila kubaki punje. Unapima la pili kwa kopo lilelile, nalo linaisha bila kubaki. Basi kile ambacho gunia moja limelizidi jingine nacho kitapimika kwa kopo hilo bila kubaki. Sasa kama gunia moja limelizidi jingine kwa kilo moja tu, kopo lako haliwezi kuwa la kilo mbili, wala tatu, wala saba.

Turudi kwenye sehemu yetu. Sehemu hurahisishwa pale ambapo kuna namba inayogawa juu na chini bila kubaki. Tuseme namba hiyo ipo, na tuiite kopo. Kama kopo linagawa namba ya chini, basi linagawa pia namba hiyo ikizidishwa mara tatu. Mara tatu ya "14 za namba yako, ongeza 3" ni "42 za namba yako, ongeza 9". Vilevile kopo linagawa mara mbili ya namba ya juu, na mara mbili ya "21 za namba yako, ongeza 4" ni "42 za namba yako, ongeza 8".

Zitazame hizo mbili. Zote zina 42 za namba yako. Moja imeongezwa 9, nyingine 8. Tofauti yake ni 1, namba yoyote uliyochagua mwanzo. Kopo linalogawa zote mbili lazima ligawe na 1, na kinachogawa 1 ni 1 yenyewe tu. Kwa hiyo hakuna cha kurahisisha. Swali limekwisha.

Rudia kusoma ukihitaji, haina haraka. Kisha jiulize ni maarifa gani yametumika. Kuzidisha, kutoa, na kujua maana ya kigawo cha shirika. Mtoto wa darasa la saba aliyesoma Kigawo Kikubwa cha Shirika anavyo vifaa vyote. Ugumu upo kwenye kuona kwamba inafaa kuzidisha moja kwa tatu na nyingine kwa mbili ili zilingane, na hilo halifundishwi kwa kukaririshwa. Linakuja kwa kukaa na maswali.

Wageni sita harusini

Swali la pili lilitolewa Hungary mwaka 1947, kwenye mashindano ya wanafunzi ambayo ni makongwe kuliko IMO. Thibitisha kwamba katika kundi lolote la watu sita, lazima wapo watatu wanaofahamiana wote, au wapo watatu ambao hakuna anayemfahamu mwenzake.

Kufahamiana hapa ni kwa pande mbili. Wewe unamjua mtangazaji wetu kwa sauti, lakini yeye hakujui, kwa hiyo hiyo haihesabiwi.

Weka wageni sita kwenye jamvi na uwachore kama nukta sita. Mchague mmoja, tumwite Juma. Wamebaki watano. Kila mmoja wao, ama Juma anamfahamu ama hamfahamu. Ukiwagawa watu watano katika pande mbili, upande mmoja lazima uwe na watu watatu au zaidi. (Jaribu kuwagawa ili kila upande uwe na wawili tu. Mmoja atabaki amesimama.)

Tuseme upande mkubwa ni wa wale anaowafahamu Juma, na watatu kati yao ni Asha, Neema na Baraka. Kama wawili wowote kati ya hao watatu wanafahamiana, mathalani Asha na Neema, basi Juma, Asha na Neema ni watatu wanaofahamiana wote. Tumepata. Kama hakuna hata wawili wanaofahamiana, basi Asha, Neema na Baraka wenyewe ni watatu wasiofahamiana. Tumepata vilevile. Na kama upande mkubwa ulikuwa wa wale asiowafahamu Juma, maelezo ni hayohayo ukibadilisha "anafahamu" na "hafahamu".

Swali la ziada la kumpa mtoto ni hili: je, watu watano wangetosha? Hapana. Wakalishe watano kwenye duara, kila mmoja awafahamu majirani zake wawili tu, wa kulia na wa kushoto. Tafuta watatu wanaofahamiana wote, hutawapata. Tafuta watatu wasiofahamiana kabisa, nao hutawapata. Kuonyesha mfano mmoja unaokataa kunatosha kuvunja dai, lakini mifano elfu inayokubali haitoshi kulijenga. Kwa maoni yetu hilo ni somo lenye thamani kuliko medali, na linafaa hata kwa mtu anayesikiliza ahadi za wagombea.

Mazoezi bila kituo cha mafunzo

Hungary ni nchi ndogo, na ilipata wanahisabati wengi mashuhuri. Sehemu ya siri yake ilikuwa posta. Tangu mwaka 1894 kuna jarida la hisabati la wanafunzi wa sekondari, KöMaL, lililoanzishwa na mwalimu wa mji wa Győr aitwaye Dániel Arany. Jarida linachapa maswali, mwanafunzi popote alipo anayafanya kwa wakati wake, anatuma majibu, na majina ya waliofanya vizuri yanachapwa. Paul Erdős, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20, alikuwa kati ya wanafunzi waliokuwa wakituma majibu. Jarida hilo linatoka hadi leo.

Tunalitaja kwa sababu mpango wa namna hiyo hauhitaji jengo. Shule tatu za kata moja zinaweza kubadilishana swali moja kwa wiki kupitia simu za walimu.

Kwa mwenye simu yenye intaneti, tovuti rasmi ya IMO, imo-official.org, ina maswali ya miaka iliyopita bila malipo. Yako kwa Kiingereza na lugha nyingine kadhaa. Mtoto wa shule ya msingi anayesoma hisabati kwa Kiswahili atakwama kwenye maneno kabla hajakwama kwenye hisabati, na hapo kaka au dada aliyemaliza kidato cha nne anaweza kumsaidia: amsomee swali kwa Kiswahili, halafu anyamaze. Kufikiri kwa Kiswahili si kasoro. Hata kwenye IMO yenyewe viongozi wa timu hutafsiri maswali, na mshiriki huandika majibu kwa lugha anayofanyia kazi.

Simu hiyohiyo inaweza kuharibu mazoezi. Mwaka 2025 programu za akili mnemba za Google DeepMind na OpenAI zilipata alama 35 kati ya 42 kwenye maswali ya IMO ya mwaka huo, kiwango cha medali ya dhahabu. Kwa hiyo jibu la karibu swali lolote la zamani linaweza kupatikana kwa dakika. Mtoto akisoma jibu kabla hajahangaika, ameona mbio za mtu mwingine, miguu yake haijapata nguvu. Mwalimu anaweza kuweka sharti rahisi: siku tatu za kujaribu, kisha dokezo moja, kisha siku nyingine mbili, ndipo jibu.

Kitu kigumu zaidi kupata kijijini si kitabu, ni muda usiokatizwa. Mzazi akimkuta mtoto anatazama karatasi nusu saa bila kuandika kitu, hudhani anakwepa kazi, humtuma maji. Kwa wasichana hali ni mbaya zaidi, maana ndoo, kuni na mdogo mgongoni vyote vinamsubiri yeye. Maryam Mirzakhani, msichana wa Iran, alipata medali ya dhahabu ya IMO mwaka 1994, na mwaka uliofuata akapata alama zote 42. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kupewa medali ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati duniani. Mwenyewe alijieleza kuwa ni mtu wa kufikiri polepole. Saa moja ya jioni ambayo hatumwi popote, mara tatu kwa wiki, ni mchango ambao nyumba isiyo na fedha inaweza kuutoa.

Anayetaka kushiriki rasmi aanze na mwalimu wake wa hisabati, kwa sababu timu huchaguliwa na kila nchi kwa utaratibu wake. Kwa Tanzania, pa kuulizia ni CHAHITA, Chama cha Hisabati Tanzania.

Maswali matatu ya kuanzia, kutoka jepesi kwenda gumu. Timu 37 zinagombea kombe la mbuzi kwa mtoano, anayefungwa anatoka, hakuna sare: zitachezwa mechi ngapi hadi bingwa apatikane? Usichore ratiba, fikiria kila mechi inamtoa nani.

La pili: chukua bao la drafti lenye miraba 64 na ukate miraba miwili ya pembe zinazokabiliana kwa mshazari. Una vipande 31 vya karatasi ngumu, kila kimoja kinafunika miraba miwili iliyopakana. Je, vinaweza kufunika miraba 62 iliyobaki? Angalia rangi za pembe ulizokata.

La tatu: safari hii umekata mraba mmoja mweusi na mmoja mweupe, popote pale kwenye bao. Je, vipande 31 vitatosha kila mara? Jibu ni ndiyo, na kazi yako ni kuthibitisha. Dokezo: chora njia moja inayopita kila mraba wa bao mara moja na kurudi ilikoanzia, kisha tazama miraba miwili uliyokata imeigawa njia hiyo vipi.