Siku Thelathini za Rufani

Wasikilizaji wetu, zamani za Mwingereza mtu wa Mafia aliyeshindwa katika baraza la wenyeji hakuwa na njia ya kufika Mahakama Kuu. Kwa sheria ya mwaka 1929 rufani yake ilipanda kwa Bwana Shauri, kisha kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa Gavana. Nasi watu wa pwani twaijua bahari iliyo kati: kusi ikivuma kwa nguvu jahazi haling'oi nanga, na huku siku zahesabiwa.

Mabaraza hayo yalikwisha, zikaja Mahakama za Mwanzo kwa sheria ya mwaka 1963. Sheria ya mwaka 1984 ilitoa siku 30 za kukata rufani toka Mwanzo hadi Wilaya, na siku 30 toka Wilaya hadi Mahakama Kuu. Rufani hii ya pili huwekwa katika Mahakama ile ile ya Wilaya iliyotoa hukumu; basi mtu wa Jibondo huishia Kilindoni, havuki kwenda bara. (Wengi hawalijui jambo hili.) Lakini akichelewa, kumwongezea muda ni kazi ya Mahakama Kuu peke yake.

Ataulizwa nini? Katika ombi la mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilitaja mizani yake: mwombaji aeleze muda wote aliochelewa, usiwe wa kupita kiasi, wala asiwe mzembe, na hukumu ikiwa na kosa kubwa la sheria, hilo nalo hupimwa. Kwa hiyo kusema bahari ilichafuka hakutoshi. Ilichafuka siku gani, ilitulia lini, na ilipotulia yeye alikuwa wapi?